Mpiga Picha wa Tarime: Kazi Yake ya Kiangazi na Watu wa Nyumbani Mwake



Jioni hii nimepewa nafasi ya kuzungumza nanyi habari za kazi yangu, nayo ni kazi ya kupiga picha za watu. Mimi ni mwenyeji wa Tarime, katika Mkoa wa Mara, nchi ya Tanzania, na chumba changu cha kazi kipo mjini humo tangu mwaka 1983. Watu wengi hudhani ya kuwa kazi hii ni kubonyeza tu na kupokea fedha. Kama ingalikuwa hivyo, nisingalikuwa na neno la kuwaambia. Lakini kazi hii imenifunza jambo moja kwa gharama kubwa, na jambo hilo ndilo nitakalo kuwapa leo, ili ninyi mlipate bure.

Kwanza niwaeleze kwa nini nataja kiangazi. Kwetu masika huanza mwezi wa Machi na kwisha mwezi wa Mei. Baada ya hapo, tangu Juni mpaka Septemba, jua hutawala. Mahindi huwa yamekwisha vunwa, ulezi umeanikwa, njia za vijijini zimekauka, na watu wana fedha kidogo mikononi. Ndipo arusi nyingi zinapofanywa, ndipo wanafunzi wanapofunga shule, na ndipo jamaa waliokwenda mbali wanaporudi kuwaona wazee wao. Kwa hiyo mpiga picha ni mkulima wa namna yake: yeye huvuna wakati wenzake wamekwisha vuna. Asipopata kitu katika miezi hiyo minne, watoto wake watalala njaa mvua zikirudi.

Kazi hii haikuanza kwetu. Mwaka 1839 Mfaransa mmoja, jina lake Louis Daguerre, alitangaza namna ya kunasa sura ya kitu juu ya bamba la shaba lililopakwa fedha. Kabla ya karne ile kwisha, wapiga picha walikuwa wamekwisha fungua vyumba vyao Unguja, na mmoja ajulikanaye sana ni A. C. Gomes. Mwaka 1900 kampuni ya Kodak ya Marekani ilitoa kamera ndogo ya boksi iitwayo Brownie, bei yake dola 1 tu, na tangu hapo picha ikaanza kuwa mali ya watu wa kawaida pia. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio mjini Unguja, na mwanawe Rohit akairithi kazi ile. Kule Lamu alikuwako Omar Said Bakor, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufariki mwaka 1993. Na huko Mbarara, nchi ya Uganda, alikuwako Musa Katuramu, aliyefariki mwaka 1983, mwalimu wa useremala aliyewapiga picha watu wa kila namna. Likumbukeni jina hilo la mwisho, maana nitalirudia.

Mimi nalijifunza kwa mjomba wangu huko Musoma. Yeye alinifundisha neno la kwanza la kazi hii, yaani kwamba hatupigi picha za watu, twapiga picha za mwanga ulio juu ya watu. Mwanga wa saa sita mchana haufai, kwa sababu jua likiwa utosini hutia kivuli machoni, na mtu huonekana kama ana matundu mahali pa macho. Yafaa kufanya kazi tangu saa mbili hata saa nne asubuhi, kisha tangu saa kumi mpaka karibu na magharibi. Tena wakati wa kiangazi watu huchoma nyasi, na moshi ule huchanganyika na vumbi la barabara. Mpiga picha asiyefuta kioo cha kamera yake kila baada ya saa moja atawapa watu picha za ukungu.

Walio wagumu kuliko wote ni wanafunzi. Labda mtashangaa kusikia hivyo, kwa kuwa wao hutii upesi. Shida si tabia yao, shida ni shati lao. Shati jeupe la shule hurudisha mwanga mwingi, na uso mweusi hurudisha mwanga mchache. Kamera ikilifuata shati, uso hutoka kama kaa la jikoni, hata mama mzazi asimtambue mwanawe. Hapana budi kuupima mwanga wa uso, na kuliacha shati lijitafutie. Wazee nao wana desturi zao. Mzee wa Kikuria hatakubali kupigwa picha akiwa amesimama kama askari. Ataketi juu ya kigoda chake, fimbo mkononi, na hatacheka, maana kwake picha si mchezo. Nalijifunza kumngoja. Mzee asiye tayari, ukimharakisha, utapata picha ya hasira yake tu.

Basi kutwa nzima nalikuwa nikizunguka minadani na arusini, na usiku kazi ya pili ilianza, yaani kusafisha picha. Hapo ndipo mke wangu alipoingia kazini. Twalikuwa na chumba kidogo cha giza nyuma ya nyumba, madirisha yamezibwa kwa blanketi, taa nyekundu inawaka. Karatasi ya picha imepakwa chumvi za fedha ambazo hugeuka kuwa nyeusi zikipigwa na mwanga, lakini mwanga mwekundu hauzidhuru. Twalitumia sinia tatu. Dawa ya sinia ya kwanza huitokeza sura, maji ya sinia ya pili, yenye ukali kama wa siki, huizuia dawa ile isiendelee, na dawa ya sinia ya tatu huiimarisha picha isifutike tena. Dawa ya kwanza hutaka joto la digrii 20, na kwa hiyo mke wangu aliyatia maji katika mtungi tangu jioni yapoe. Saa ya ukutani hatukuwa nayo. Yeye alihesabu kwa mdomo, polepole, mtoto mchanga akiwa mgongoni, nami nalitikisa sinia. Alipofika tisini alisema, "Toa, Baba watoto," nami nalitoa. Watu walinisifu kwa picha zangu, walakini nusu ya sifa zile ilikuwa haki yake.

Yako pia mambo ya safari. Kila mwaka mwezi wa Agosti nalikwenda Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti. Njia hupita Nyamongo, kisha huvuka Mto Mara, mto utokao katika milima ya Mau nchini Kenya na kuingia katika Ziwa Viktoria. Upande wa pili hauko mbali na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951 na kuwekwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Katika miezi hiyo nyumbu zaidi ya milioni 1 huhamahama wakitafuta majani na maji, na wengi wao huvuka mto huo kwa makundi. Wageni huja kutoka pembe zote za dunia ili kuwatazama, nao hubeba kamera zenye midomo mirefu kama mchi wa kutwangia.

Sisemi kwamba picha za wanyama hazina faida. Mabwana wawili wa Ujerumani, Bernhard Grzimek na mwanawe Michael, waliwahesabu wanyama wa Serengeti kutoka katika ndege, wakawapiga picha. Michael alikufa ndege yake ilipoanguka mwezi wa Januari 1959, na filamu waliyoitengeneza ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1960. Filamu ile iliwafanya watu wa mbali waijali nchi ambayo hawakuijua hata jina. Hiyo ndiyo nguvu ya picha. Lakini siku moja pale Mugumu, magari ya wageni yakipita kwa vumbi kuelekea hifadhini, mzee mmoja aliketi mbele yangu akasema, "Nyumbu huja kila mwaka. Mimi nikiondoka sirudi. Nipige vizuri, mwanangu." Neno hilo nalicheka nilipolisikia. Sikujua ya kuwa litanirudia kwa uchungu.

Sasa nafika katika jambo nililowaahidi. Mwaka 1991 kijana mmoja wa kijiji cha jirani alikuja kupigwa picha. Alivaa shati jipya la buluu. Alilipa nusu ya bei, nami nikamwandikia stakabadhi, naye akasema atarudi na nusu ya pili baada ya wiki mbili. Hakurudi. Watu wa namna hiyo ni wengi katika kazi yetu, na picha zao hukaa sandukuni. Pamoja na picha hukaa na negativu, yaani ule utepe wa filamu ulio na sura iliyogeuzwa, cheupe kikiwa cheusi na cheusi kikiwa cheupe. Negativu ni kama mbegu. Picha ikipotea, ukiwa na negativu utaweza kutoa nyingine, hata mia. Negativu ikipotea, hakuna tena.

Mwaka 1994, kabla ya mvua za vuli, nalikisafisha chumba changu. Picha zisizochukuliwa zilikuwa zimejaa masanduku mawili, na mchwa walikuwa wamekwisha anza kula moja. Nikasema moyoni, "Hawa hawakulipa, nami si ghala ya watu." Nikazichoma zote, picha na negativu zake, nyuma ya nyumba. Mke wangu aliniuliza kama nina hakika. Nikamjibu kuwa nina hakika.

Julai ya mwaka 1995 akaja mama mmoja wa makamo, miguu yake imejaa vumbi la safari. Akafungua pindo la khanga yake akatoa kikaratasi kilichokunjwa mara nyingi. Nikakitambua, maana mwandiko ulikuwa wangu. Ilikuwa stakabadhi ya yule kijana. Mama akaniambia kwamba mwanawe alikwenda kufanya kazi ya uvuvi, akazama ziwani mwaka ule, na wenzake walizikwa pamoja naye upande wa mbali wa ziwa. Nguo zake zililetwa nyumbani, na katika mfuko wa shati la buluu mama alikiona kikaratasi kile. Mtu ajuaye kusoma alimsomea. Basi amekuja kulipa nusu iliyobaki na kuichukua picha.

Nikamwambia, "Mama, picha hii haipo."

Akauliza, "Imekwenda wapi?"

Nalitaka kusema uongo. Nalitaka kusema mchwa wameila. Lakini alinitazama, nikasema, "Nimeichoma."

Alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akasema, "Mwanangu, kaburi lake liko mbali, mimi siwezi kufika. Nalidhani kwako ndiko alikobaki." Akazihesabu fedha zake, akaziweka juu ya meza yangu. Nikazikataa, nikamsihi azirudishe pindoni. Naye akakataa, akasema, "Deni la marehemu hulipwa." Akaondoka. Nami nikabaki na fedha zile mbele yangu, na hata leo sijapata kuona fedha nzito kama hizo.

Usiku ule nikamweleza mke wangu yote. Hakunilaumu. Alilitoa sanduku dogo la picha zetu wenyewe, akasema afadhali tuone kama sisi tumejitunza kuliko tulivyowatunza wengine. Tukazitandika juu ya mkeka. Mtoto wetu wa kwanza, aliyezaliwa mwaka 1984, alikuwa na picha nyingi, kwa sababu wakati ule nalikuwa na furaha ya upya. Wa pili alikuwa na moja. Wa nne alikuwa na mbili, ambazo mjomba alimpiga alipokuja kututembelea. Binti yetu wa tatu, aliyekuwa na miaka saba, aliinama juu ya mkeka akazitazama moja moja. Kisha akauliza, "Baba, mimi nalikuwa wapi?"

Wasikilizaji wangu, wazee wetu walisema kinyozi hajinyoi. Miaka saba mtoto yule alikuwa akilala katika chumba kinachopakana na kamera, na kila kiangazi nalipiga mamia ya picha za watoto wa wengine. Filamu moja ilikuwa na picha 36, na zote 36 zilikuwa na bei. Sikuona nafasi ya kuitoa hata moja bure. Nalimwambia mke wangu kwamba nafanya kazi kwa ajili ya watoto, na ni kweli nalifanya kazi kwa ajili yao. Lakini mtoto aliuliza swali lake, na jibu sikuwa nalo.

Tangu kesho yake tuliweka sheria mbili nyumbani mwetu. Ya kwanza, picha ya 36 ya kila filamu si ya kuuzwa. Ni ya nyumbani. Kwa hiyo ninazo picha za mke wangu akichambua mchele, za watoto wakichota maji, za mama yangu akiwa amesinzia juani, na za binti yule katika kila mwaka wa maisha yake tangu hapo. Sheria ya pili, hakuna negativu itakayochomwa. Mke wangu alinunua daftari kubwa, akaandika namba, jina, kijiji na mwaka wa kila mmoja. Negativu tulizitia katika bahasha za karatasi, na bahasha katika masanduku ya bati, juu ya rafu isiyogusa ukuta, mbali na mchwa na unyevu.

Kiangazi cha mwaka 1996 nalikwenda mpaka kwa yule mama. Nalichukua fedha zake zile zile, nikamwomba anipe ruhusa ya kuzifanyia kazi. Alikubali. Aliketi mbele ya nyumba yake pamoja na watoto wake waliobaki, na kabla sijapiga alisema, "Ngoja." Akaingia ndani, akatoka na shati la buluu limekunjwa vizuri, akaliweka magotini pake. Akasema, "Sasa tumetimia." Picha ile ndiyo namba 1 katika daftari letu.

Naliwaambia kwamba nitalirudia jina la Musa Katuramu wa Mbarara. Alipokufa mwaka 1983, negativu zake hazikutupwa. Mwanawe alizitunza nyumbani, na baada ya miaka mingi watu walizitoa tena, wakaziona sura za wazee wao wakiwa vijana, nguo walizovaa, baiskeli walizojivunia. Kama mtoto yule angalisema kama nilivyosema mimi, kwamba yeye si ghala ya watu, sehemu ya habari za nchi ile ingalikuwa majivu.

Labda mmoja wenu atasema, "Bwana, hayo ni mambo ya zamani. Siku hizi kila mtu ana simu ya mkononi, na simu hupiga picha." Ni kweli. Kampuni ya Kodak yenyewe iliomba hifadhi ya mufilisi mwaka 2012, na chumba changu cha giza sasa ni ghala ya mahindi. Wateja wangu wa siku hizi hutaka hasa picha ndogo za pasipoti na picha za arusi. Silalamiki, maana wakati hubadilika. Lakini nawaulizeni: simu ikianguka majini, au ikiibwa, picha zake zi wapi? Mimi nalizichoma picha za masanduku mawili kwa siku moja, nikajutia maisha yangu yote. Mwenye simu aweza kupoteza zaidi ya hizo kwa dakika moja, wala asione hata moshi.

Basi nawaachieni maneno matatu. Kwanza, kila mwaka, mavuno yakiisha, chagueni picha moja tu ya watu wote wa nyumbani, mkaitoe katika karatasi. Pili, andikeni nyuma yake kwa penseli majina ya wote tangu kushoto hata kulia, na mahali, na mwaka, maana uso usio na jina huwa mgeni baada ya vizazi viwili. Ninyi wanafunzi mnaojua kuandika, kazi hii ni yenu, waketini karibu na bibi zenu, mwaulize, "Huyu ni nani?" kabla hawajaondoka. Tatu, tazameni katika picha zenu ni nani asiyeonekana. Mara nyingi ndiye anayeishika kamera, au mama aliyekuwa jikoni akiwapikia wageni wa arusi, au mtoto wa katikati. Mwiteni aje akae mbele.

Binti yangu yule sasa ni mtu mzima, naye ndiye anayelishika daftari. Amekwisha anza kuzinakili negativu zetu katika kompyuta, lakini masanduku ya bati bado yapo, na amenikataza kuyagusa. Kiangazi kilichopita walikuja watu watatu kutafuta sura za wazazi wao waliofariki. Aliwauliza jina, kijiji na mwaka, akafungua daftari, akateremsha sanduku. Wote watatu waliondoka na picha. Sikupokea fedha kwao, maana nina deni ambalo bado nalilipa.